Muulize Mzee wa Deki: Bwana Maharage na mikanda miwili ya Mwanjelwa

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja kwamba Mr. Bean ni "yule bubu wa Uingereza". Nilikuwa namjibu mtu aliyeulizia picha za zamani zisizo na sauti, mstari ukanitoka bila kufikiri. Tangu hapo simu haijapoa. Basi safari hii picha za Kihindi zisubiri, na yule dada wa Njombe anayeulizia tamthilia ya Kifilipino avute subira. Leo ni Mr. Bean mwanzo mwisho.

*"Mzee wa Deki, nimetumiwa WhatsApp kwamba Mr. Bean amefariki ajalini. Ni kweli? Mke wangu hajala tangu asubuhi."*
*Msomaji, Mafinga*

Mwambie ale. Anayemwigiza, Rowan Atkinson, ameshauawa mitandaoni mara nyingi kuliko adui yeyote wa picha za ngumi, na kila mara anaibuka mzima. Mwaka 2022 alikuwa Netflix anapigana na nyuki nyumba nzima, na 2023 akaonekana amevaa kanzu ya padri katika filamu ya Wonka. Ukitumiwa tena habari ya kifo chake, tazama chini yake kama kuna mahali unaambiwa ubonyeze "uone video ya ajali". Hapo ndipo wanapokutafuta wewe na simu yako. Usibonyeze.

*"Ndugu mwandishi, nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja. Rowan Atkinson si bubu. Ni mmoja wa watu wanaotamka Kiingereza kwa ufasaha wa kutisha, na ana shahada mbili za uhandisi. Tafadhali sahihisha."*
*Mwalimu mstaafu, Tukuyu*

Shikamoo mwalimu, na ndaga fijo kwa kunishika sikio. Nimekosa. Ila kosa langu lina historia yake, nivumilie niisimulie.

Kuanzia 1993 nilikuwa na banda la video Mwanjelwa, nyuma ya soko la zamani, lile lililokuja kuungua. Mabati juu, mabenchi kumi na mawili ya mbao za mlingoti, TV moja ya inchi 21, na deki niliyoipakata kwenye basi kutoka Dar es Salaam kama mtoto mchanga. TV majumbani zilikuwa za kuhesabu. Vituo vya Tanzania Bara vyenyewe vilianza 1994, na vilipokuja kutufikia huku milimani, picha ilikuwa chenga tupu. Kwa hiyo watu walikuja bandani. Jioni picha za ngumi, Jumapili za Kihindi, nami nimesimama pembeni ya TV natafsiri kwa Kiingereza changu cha darasa la saba na ubunifu mwingi. Stelingi akisema maneno kumi, mimi natoa arobaini.

Siku moja dereva wa malori ya Zambia, aliyekuwa na deni kwangu, akaniachia mikanda miwili badala ya pesa. Juu kuna mtu mwenye suti ya kahawia, tai nyekundu, macho yamemtoka. Nikaiweka. Nikasimama mahali pangu pa kutafsiri, nikakohoa, nikasubiri maneno. Maneno hayaji. Watu wanaanguka kwenye mabenchi kwa kicheko na mimi nimesimama pale kama mlingoti wa bendera, sina kazi. Kesho yake nikaandika kwa chaki mlangoni: LEO BUBU WA UINGEREZA. Likapata watu, likabaki, hadi nikaliandika tena juzi kwenye gazeti hili.

Barua yako ilipofika, mwalimu, nikamwomba mjukuu wangu anitafutie kipindi cha kwanza kabisa kwenye simu, kile cha mtihani. Kilitoka siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1990, katika ITV ya Uingereza, si hii yetu ya Mikocheni. Nimekitazama zaidi ya mara mia tatu maishani mwangu, bila chumvi. Bean anaingia chumba cha mtihani, anakaa karibu na kijana aliyejiandaa vizuri. Na anaongea! Kabla mtihani haujaanza, wanaulizana nani kasoma nini, naye anajibu kwa sauti ya puani kwamba yeye ametilia mkazo trigonometria. Maneno kamili, yanasikika.

Nikamwambia mjukuu arudishe. Tukasikiliza tena. Kisha nikakumbuka jenereta. Lilikuwa nyuma ya ukuta wa bati, hatua tatu kutoka kwenye TV, na lilinguruma kama trekta linapanda Mlima Nyoka. Picha za ngumi hazikudhurika, maana ngumi zinasikika hata kwenye mashine ya kusaga. Ila ile sauti ndogo ya Bean ililiwa yote. Miaka kumi na moja jenereta langu ndilo lililomfanya mtu bubu.

Na niseme kuhusu mtihani wenyewe, kwa sababu kuna watu wazima leo Mbeya nzima wananidai mwisho wake. Bean amepanga kalamu mezani kama muuza duka, na midoli miwili mitatu ya bahati. Anafungua bahasha, anatoa karatasi, anakuta ni hesabu za kalkulasi. Hajui hata moja. Kuanzia hapo ni kuibia: anainama, anajinyoosha, anajifanya anapiga miayo ili shingo ifike, anapuliza ukurasa wa mwenzake ufunuke. Watoto wa darasa la saba waliokuwa wanaketi chini mbele walikuwa wanakufa, kwa sababu kila mmoja alishaufanya ule muayo. Walipiga kelele "Rudisha! Rudisha!", nami narudisha. Ukirudisha mkanda mahali palepale kila siku unakonda. Mwaka wa tatu deki likautafuna palepale karibu na mwisho. Nikakata kwa wembe, nikaunga kwa seloteipu, sehemu ya kama dakika moja ikaenda na takataka. Kuanzia siku hiyo bandani kwangu Bean alikuwa anaibia, anaibia, halafu ghafla yupo ufukweni anavaa nguo ya kuogelea.

Walionidai, mwisho ni huu: msimamizi anatangaza muda umekwisha na kueleza kuwa bahasha ilikuwa na karatasi mbili, ya kalkulasi na ya trigonometria. Bean anaingiza mkono kwenye bahasha. Ile aliyoisoma usiku kucha ilikuwa humo muda wote.

Kuhusu ufasaha, mwalimu, nakubali mikono miwili. Kabla ya Bean, kuanzia 1983 hadi 1989, Atkinson alikuwa Blackadder katika kichekesho cha TV cha jina hilo, mtu mwenye ulimi wa wembe ambaye kazi yake nzima ni maneno. Misimu minne, kila mmoja enzi yake, na wa mwisho umewekwa kwenye mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Kipindi cha mwisho kabisa Blackadder na wenzake wanapanda juu ya handaki kuelekea kwenye bunduki, na kicheko kinaishia hapo. Sisi tunaopita kando ya makaburi ya vita hiyo pale Iringa mjini tungekielewa, ila hakikutufikia. Kilihitaji Kiingereza chako, mwalimu, si changu. Kipindi hicho kilirushwa Novemba 1989. Miezi miwili baadaye akaja Bean. Mtu ametoka kwenye maneno mengi kuliko yote akaenda kwenye machache kuliko yote, ndani ya miezi miwili.

*"Mimi nauza maharage soko la Uyole, vijana wa bajaji wananiita Mama Bini. Wanasema Mr. Bean maana yake Bwana Maharage. Wananitania au ni kweli?"*
*Mama Bini, Uyole*

Ni kweli, Mama. Bwana Haragwe, kwa umoja. Na waliomtunga walihangaika kutafuta jina kwenye kapu la mboga. Atkinson mwenyewe amewahi kueleza kwamba nusura aitwe Bwana Koliflawa. Fikiria hilo jina ungelibeba wewe.

Kuna zaidi. Pale mwanzo wa vipindi vingi, anapodondoka kutoka juu kwenye mwanga na kwaya inaimba kama ya kanisani, wale wanaimba Kilatini. Maneno yake ni "Ecce homo qui est faba". Wakatoliki watakumbuka Pilato: "Tazama, mtu huyu!" Basi hapo ni "Tazama, mtu ambaye ni haragwe". Aliyetunga muziki ni Howard Goodall, aliyesoma naye Oxford. Waambie vijana wa bajaji wawe wanakuimbia hivyo ukipita, na wakimaliza wanunue angalau kilo.

*"Shikamoo Mzee. Mwanangu ana miaka tisa, ana kigugumizi, wenzake wanamcheka hadi hataki kusoma kwa sauti darasani. Nimesikia Mr. Bean naye ana kigugumizi. Nataka nimwambie lakini nisimdanganye."*
*Mama, Makambako*

Marahaba mama. Hutamdanganya. Rowan Atkinson amesema mwenyewe katika mahojiano kwamba ana kigugumizi tangu utotoni, na kwamba humpungukia au kutoweka kabisa anapovaa mtu mwingine jukwaani. Herufi inayomsumbua sana ni B. Sasa mwambie mwanao ahesabu: Blackadder, Bean. Majina makubwa mawili ya maisha yake, yote mawili yanaanza na herufi ileile inayomkwama mdomoni. Ukimsikiliza vizuri akiwa Blackadder, anaikaba ile B na kuitoa kwa nguvu kama anang'oa msumari, na watu wakadhani ni mbwembwe za mchekeshaji.

Mimi si daktari. Ninachojua ni kutoka kwa ndugu yangu aliyekuwa nacho: alichukia zaidi watu waliomalizia neno lake kuliko waliomcheka. Msubiri mtoto amalize. Na muone mwalimu wake wa darasa mapema, kabla ya hiyo zamu ya kusoma kwa sauti haijawa adhabu ya kila siku. Mkipata safari ya hospitali ya rufaa, ulizeni kama kuna mtaalamu wa matamshi.

*"Mzee, mimi ni fundi magari Iyunga. Ile Mini yake ya kufunga kwa komeo na kufuli ni gari la kweli? Na kile kigari cha matairi matatu anachokionea ni bajaji ya Uingereza?"*
*Fundi, Iyunga*

Ni Mini ya kweli, fundi. Kipindi cha kwanza ilikuwa ya rangi ya chungwa, kisha ikaja ile tunayoijua, kijani cha limau na boneti nyeusi. Komeo, kufuli, na usukani wa kuchomoa na kuondoka nao. Kile cha buluu ni Reliant, tairi moja mbele na mbili nyuma, kwa hiyo ndiyo, ukoo wake ni wa bajaji. Kila kikipita kinapinduliwa. Madereva wa bajaji bandani kwangu hawajawahi kulicheka hilo.

Ila mtu mwenyewe ni mwendawazimu wa magari. Alichukua leseni ya malori makubwa mwaka 1981. Alinunua McLaren F1, mojawapo ya magari yaliyokuwa na kasi kuliko yote duniani, akaligonga, akalitengeneza, 2011 akaligonga tena vibaya hadi bima ikalipa zaidi ya pauni 900,000, na 2015 akaliuza kwa pauni milioni 8. Yaani gari lililogongwa mara mbili likauzwa kwa faida. Ukijua mteja wa namna hiyo Mbeya nielekeze.

Na kwa kuwa utauliza: ile habari ya ndege nayo ipo. Mwaka 2001 akiwa likizo Kenya na familia yake, rubani wa ndege ndogo waliyokodi alizimia angani, Atkinson akashika usukani ndege ikae hewani hadi rubani alipozinduka, wakatua Uwanja wa Wilson, Nairobi. Mimi ningekuwa abiria, nikageuka nikaona anayeendesha ni Mr. Bean, ningezimia kumfuata rubani.

*"Kamwene Mzee wa Deki. Mimi ni kijana wa miaka 26, naigiza na kikundi hapa Iringa mjini, klipu zetu tunaziweka mtandaoni. Mara moja nilicheza mlinzi anayesinzia getini. Sasa nikipita Miyomboni ni 'Mlinzi!', nikishuka Ipogolo ni 'Mlinzi!', hata msibani mtu aliniuliza geti nimemwachia nani. Nimejaribu kucheza daktari, watu wanacheka kabla sijafungua mdomo, wanasubiri nisinzie. Mwenzangu anasema nimuue mlinzi kabla hajanimaliza. Wewe ulisema Mr. Bean naye anajulikana kwa kitu kimoja tu. Yeye alifanyaje?"*
*Mlinzi, Iringa*

Kamwene, Mlinzi. Swali lako ndilo lililonifanya niitoe safu nzima kwa mtu huyu, na nimelizungusha kichwani wiki nzima.

Kwanza nikuulize. Unadhani kuna vipindi vingapi vya Mr. Bean? Vile vya mtu, si katuni. Nimewauliza watu kumi pale stendi ya Kabwe. Aliyekisia kidogo alisema sitini. Mmoja alisema mia nne.

Ni 15. Kumi na vinne vilirushwa na ITV kati ya 1990 na 1995, na kimoja kilitolewa kwenye mkanda. Karibu vyote ni nusu saa ukijumlisha matangazo. Yaani panda basi hapa Mbeya asubuhi, anza kutazama. Kwa mizani na malori yalivyo njiani, kabla hujashuka Iringa umemaliza kazi yote iliyomfanya mtu ajulikane kuanzia Tunduma hadi Tokyo. Wingi tumeuongeza sisi. Mimi na seloteipu yangu, na wenye mabanda wenzangu, na vituo vya TV vinavyorudia.

Yeye alikuwa bahili. Vipindi viwili vitatu kwa mwaka, mwaka mwingine kimoja. Na katikati ya ubahili huo alikuwa anafanya mengine. Mwaka 1994, huku Bean yuko moto, ndiye aliyekuwa sauti ya Zazu, yule hondohondo mshauri wa mfalme katika Lion King, asiyenyamaza hata simba akimfinyanga. Watoto wako wa mtaani wamemsikia Bean akiongea mfululizo na hawajui. Mwaka huohuo akacheza padri mgeni anayekoroga maneno ya ndoa katika Four Weddings and a Funeral, sehemu ndogo, watu wanaikumbuka hadi leo.

Sasa nimeingia kwenye ukurasa wenu. Mjukuu amenisaidia kuhesabu. Mlinzi ana klipu 43 ndani ya miezi mitano. Arobaini na tatu! Mlinzi anasinzia, mlinzi anasinzia mvua ikinyesha, mlinzi anasinzia harusini. Ya kwanza ni nzuri sana, nimeirudia, hasa pale kofia inaposhuka polepole hadi puani na mkono unafungua geti wenyewe. Ya ishirini na kitu sikuimaliza. Wewe unamlaumu mlinzi, mimi namwona maskini mlinzi hajapewa hata siku ya mapumziko.

Jambo la pili ni lile ambalo watu hawalitegemei. Yule ni fundi. Mtoto wa mkulima wa Durham, kaskazini mwa Uingereza, akasoma uhandisi wa umeme Newcastle, kisha Oxford akapata shahada ya pili 1978, tasnifu yake ikiwa juu ya mitambo inayojirekebisha yenyewe. Bean alizaliwa hukohuko chuoni: alihitaji kitu cha kuigiza jukwaani, akasimama mbele ya kioo akaanza kuusogezasogeza uso hadi akatokea mtu asiyeongea. Halafu sikiliza hii. Mwaka 1987, kabla ya TV, alialikwa tamasha la vichekesho Montreal, Kanada, ambako kuna maonyesho ya Kiingereza na ya Kifaransa. Akaomba apangwe na wa Kifaransa. Waandaaji wakashangaa, maana hakuwa na Kifaransa chochote kwenye onyesho lake. Alitaka ajue kama watu wasioshika lugha yake watacheka. Alikuwa anapima waya kabla ya kuwasha. Watu wa Mwanjelwa walikuwa kwenye hesabu yake tangu 1987, nasi tukadhani tumemgundua kwa bahati ya dereva wa Zambia.

Klipu zako zinategemea sana maneno ya Kihehe ya yule mwenzako wa getini. Nachekeshwa nayo kwa sababu nimekaa Iringa miaka miwili. Mtu wa Mtwara atacheka nini? Zionyeshe kwa mtu asiyeijua lugha, bila kumweleza, utazame uso wake.

Sasa kuchoka. Usifikiri yeye hakuchoka. Baada ya filamu ya 1997, iliyoingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani (mimi sikuipenda sana, Bean anapelekwa Marekani na mwishoni anatoa hotuba ndefu, hotuba ya nini?), alikaa miaka kumi ndipo akatoa nyingine, 2007. Baadaye akasema hadharani kwamba kumcheza Bean ni mzigo unaomchosha, na kwamba mtu aliyevuka hamsini akijifanya mtoto inaanza kuwa huzuni badala ya kicheko. Alichofanya ni kumhamishia kwenye katuni tangu 2002, yeye akatoa sauti tu. Uso ukazeeka kwa amani na Bean akabaki kijana. Mwili akautoa mara mojamoja kwa jambo kubwa: ufunguzi wa Olimpiki ya London, 27 Julai 2012, ameketi katikati ya okestra kubwa anabonyeza noti moja ileile kwa kidole kimoja huku anachezea simu.

Kwingine alienda, na si kote alikofanikiwa. Johnny English, jasusi mjinga, ilianzia kwenye matangazo ya kadi ya benki ikawa filamu tatu, na watoto wanaipenda. Alicheza jukwaani London 2009 kama Fagin, mzee anayefuga watoto wezi, kila usiku kwa miezi. Mwaka 2016 na 2017 alikuwa Maigret, mpelelezi wa Kifaransa mwenye kiko, na hakuna kichekesho hata kimoja. Nilipoanza kuitazama nilifanya kama watu wako wanavyofanya kwa daktari wako: nilisubiri ateleze. Dakika ya ishirini nikasahau. Kwa hiyo inawezekana, lakini inachukua dakika ishirini, na klipu zenu ni za dakika mbili. Daktari wako hana muda wa kusahaulisha. Mpe igizo la jukwaani, pale watu wamelipa na hawawezi kuperuzi wakaondoka.

Ile ya nyuki ya 2022 nayo, jina ni lingine, nguo ni nyingine, mjukuu wangu aliitazama kidogo akasema, "Babu, Bean kazeeka." Ndivyo ilivyo.

Kwetu hapa, mtazame marehemu Amri Athumani wa Tanga. Wengi tulilijua jina hilo siku ya msiba, Agosti 2018, maana maisha yote tulimwita King Majuto, naye aliitika. Mtazame na Joti: leo bibi, kesho mtoto, keshokutwa mzee wa kijijini, hajakupa nafasi ya kumzoea mmoja. Njia mbili tofauti, na zote zimelisha watu. Mwenzako anayetaka umuue mlinzi, muulize kwanza kama ana mtu mwingine tayari wa kuweka getini.

Mimi ningempa mlinzi likizo hadi Desemba. Mavazi yake, ile kofia hasa, yatunze vizuri, usimwazime mtu.

*"Shikamoo babu. Dubu wa Mr. Bean anaitwa nani? Na kwa nini macho yake ni vifungo? Nataka kushona wa kwangu."*
*Mwanafunzi wa darasa la nne, Vwawa*

Marahaba mjukuu. Anaitwa Teddy. Ni kama kumwita mbuzi wenu Mbuzi, lakini ndivyo alivyomwita, na anampenda kuliko watu wote, ingawa siku moja alimchovya kichwa kwenye rangi akapakia ukuta. Macho ni vifungo, umeona sawasawa. Wa kwako tumia vifungo vya shati kuukuu. Vya koti ni vikubwa mno, atafanana na bundi. Na umwombe mama akukatie uzi, mkasi usichukue mwenyewe.